Hadi Mia Bora Bila Kuvuka Mpaka

Desemba 2022 nilikopa SACCOS ya kazini, nikamkatia mwanangu pasipoti kwa shilingi 150,000, tukapanda basi dogo la asubuhi kutoka Arusha kwenda Nairobi. Alikuwa na miaka 12. Kocha wake wa wakati ule alikuwa ameniambia, kwa ile sauti ya mtu anayekupa siri ya mjini, kwamba mtoto wa tenisi asiyecheza nje ya nchi kabla ya miaka 13 gari limeshamwacha. Mimi si mchezaji. Nilichojifunza kuhusu mchezo huu nimejifunza nikiwa nimekaa kwenye benchi la zege, nimeshika chupa ya maji ya mtu mwingine. Nikaamini.

Pale Namanga dogo akagongewa muhuri wa kwanza wa maisha yake, akaupuliza ukauke. Kesho yake akafungwa 6-0, 6-1 na kijana aliyemzidi kichwa kizima. Nilitazama saa: dakika 48. Nauli, ada ya kushiriki, chakula na malazi ya siku tatu, vyote kwa dakika 48, na katika hizo, nyingi zilikuwa za kuokota mipira. Kurudi hakusema neno mpaka Kajiado, na aliposema, alisema ana njaa. Kocha nilipompigia akanijibu, "Huo ndio uzoefu, mzee." Marejesho ya mkopo yalianza Januari.

Januari hiyohiyo ndipo nilipokutana na habari ya Ben Shelton. Mashindano ya Australia yalikuwa yanaendelea, na mechi za mchana za Melbourne kwetu huanza saa tisa usiku, saa ambayo mtu mwenye deni huwa macho hata hivyo. Watangazaji hawakuchoka kulirudia jambo moja: huyu Mmarekani wa miaka 20, mashoto, mrefu wa mita 1.93, ameingia katika mia bora ya dunia, na hii ndiyo safari yake ya kwanza kutoka nje ya Marekani. Ya kwanza maishani. Nilikaa kitini nikapiga hesabu. Mwanangu alivuka mpaka mwezi mmoja kabla yake.

Tangu siku hiyo nimemfuatilia kijana huyu kama watu wanavyofuatilia Simba na Yanga, na kwa sababu ambayo mwanzoni niliielewa vibaya. Nitaifikia.

Alizaliwa Atlanta, Georgia, tarehe 9 Oktoba 2002. Baba yake, Bryan Shelton, ni mtoto wa Huntsville, Alabama, aliyesoma chuo cha Georgia Tech, akawa mchezaji wa kulipwa, akashinda mataji mawili ya ATP, ile ngazi ya juu ya kimataifa ya wanaume wa kulipwa, pale Newport mwaka 1991 na 1992, na akafika namba 55 duniani. Wimbledon ya 1994 aliingia kwa mlango wa mechi za kufuzu, na raundi ya kwanza akamtoa Michael Stich, bingwa wa 1991 aliyepangwa wa pili kwa ubora mwaka ule. Akaendelea hadi raundi ya nne. Mama, Lisa, naye alicheza, na kaka yake mama, Todd Witsken, ndiye aliyemtoa gwiji Jimmy Connors kwenye US Open ya 1986. Kwa hiyo mtoto wa nyoka ni nyoka, utasema. Lakini nyoka huyu alipokuwa mdogo alitaka kucheza mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na kugongana. Alikuwa kwotabeki, yule anayesimama nyuma na kuurusha mpira mbali. Tenisi ilikuwa ya baba, ya mama na ya dada yake Emma. Yeye aliihamia akiwa na miaka kama kumi na miwili, na amewahi kusimulia kwamba kilichomvuta ni kumwona dada anaruhusiwa kukosa shule kwenda mashindanoni. Sababu hiyo mimi naiamini kuliko hadithi zote za "ndoto tangu utotoni" ambazo wanamichezo hutusimulia.

Wakati huo familia ilikuwa imehamia Gainesville, mji wa chuo kaskazini mwa Florida, kwa sababu mwaka 2012 Bryan alikuwa amechukua timu ya wanaume ya University of Florida. Alitoka Georgia Tech, ambako aliwapa wasichana ubingwa wa vyuo wa taifa mwaka 2007. Alikuwa na viwanja, mipira, mashine, vijana wakubwa wa kucheza nao. Kila alichokuwa nacho baba kilikuwa mlangoni kwa mtoto.

Sasa hapa ndipo kwenye kisa kilichonifanya nisilale. Ben alipokuwa kijana wa mashindano ya vijana, wenzake wa rika walikuwa angani. Rika hilo si la mchezo: Lorenzo Musetti, aliyezaliwa 2002, alibeba ubingwa wa wavulana wa Australia mwaka 2019, Holger Rune wa 2003 akabeba wa Roland Garros, yale mashindano ya Ufaransa, mwaka huohuo, Carlos Alcaraz naye wa 2003, huyo hahitaji utambulisho. Ben naye akataka kwenda Ulaya na kwingineko kucheza mashindano ya vijana ya kimataifa. Baba akakataa. Kama wote wawili walivyosimulia baadaye, hoja ya mzee ilikuwa nyepesi: bado hujawa bora hapa nyumbani, huko nje unakwenda kutafuta nini? Watu wa kukufunga wapo hapahapa, tena kwa bei nafuu.

Baba huyu hakuwa mimi. Huyu alikuwa amezunguka dunia nzima na raketi, anajua viwanja vya ndege vinavyonuka vipi saa kumi usiku, anajua nini hupatikana katika safari na nini hakipatikani. Angeweza kumpeleka. Akamwacha amalize shule ya sekondari ya kawaida pale mjini, Buchholz, na kucheza mashindano ya ndani.

Matokeo yake ni kwamba Ben alipofika umri wa kumaliza ujana, hakuna mtu nje ya Marekani aliyemjua. Akajiunga na timu ya baba yake chuoni mwaka 2020.

Kwa wasiojua tenisi ya vyuo ya Marekani, ambayo na mimi nilikuwa siijui, inafaa nieleze, maana inafanana zaidi na ndondo ya mtaani kuliko na Wimbledon. Timu inapambana na timu. Kwanza mechi tatu za wawili wawili, za seti moja, na jozi zitakazoshinda mbili zinaipa timu pointi moja. Halafu mechi sita za mmoja mmoja, zote zinaanza kwa pamoja, viwanja sita vimepangana, kila ushindi pointi moja. Wa kwanza kufika nne amemaliza. Ikifika 40-40 hakuna kuvutana: pointi moja tu inaamua gemu. Na kelele! Ule ukimya wa kanisani wa kwenye televisheni haupo. Mchezaji wa kiwanja cha pili akishinda pointi anamgeukia mwenzake wa kiwanja cha tano na kumpigia ukelele, na wa kiwanja cha tano, ambaye yuko katikati ya matatizo yake, anajibu. Wachezaji hupangwa kwa namba, moja hadi sita, kwa uwezo. Namba yako inajulikana na kila mtu.

Ben Shelton, mtoto wa kocha, mwaka wake wa kwanza alipangwa namba tano.

Hapa nataka nikae kidogo. Fikiria uko kwenye timu ya baba yako, na baba yako, mbele ya watu wote, anaona kuna vijana wanne bora kuliko wewe. Mmojawao, Sam Riffice, mwaka huohuo wa 2021 alikwenda kubeba ubingwa wa taifa wa mchezaji mmoja mmoja. Ben hakuwa bora kwenye nchi yake. Hakuwa bora hata kwenye basi la timu yake. Mei 2021, pale Lake Nona, Orlando, Florida wakakutana na chuo cha Baylor kwenye fainali ya timu. Ikafika pointi tatu kwa moja, Florida mbele, imebaki moja. Mechi iliyomalizika na kuwapa pointi ya nne haikuwa ya namba moja wala namba mbili. Ilikuwa ya namba tano. Yule dogo ndiye aliyefunga kazi, wenzake wakamrukia, na chuo kikapata ubingwa wake wa kwanza wa wanaume katika tenisi. Baba yake akawa kocha pekee aliyewahi kushinda taji la taifa la ngazi ya juu la wanaume na la wanawake pia.

Naona mantiki ya mfumo huo kwa macho ya mtu aliyelipa nauli ya Namanga. Kijana wa miaka 18 anayetaka kuwa wa kulipwa, asipopita chuoni, anaanzia mashindano ya chini kabisa, yale ambayo zawadi yote ya wiki, kwa wachezaji wote, ni dola 15,000. Mshindi anaondoka na kama dola 2,160, na huyo ni mshindi. Aliyetoka raundi ya kwanza anapata kitu cha kununulia chakula cha siku mbili. Hoteli, ndege, nyuzi za raketi, kocha, vyote juu yako. Chuoni, kinyume chake, uwanja ni bure, daktari wa viungo yupo, safari za timu zinalipwa, na kwa waliobahatika na masomo yanalipiwa. Unacheza mechi ngumu kila wiki huku misuli inakomaa. Bei yake ni kwamba enzi za Shelton ukiwa mwanafunzi hukuruhusiwa kuweka mfukoni zawadi zaidi ya gharama zako, na kwamba wakati wewe unaandika insha ya biashara, mwenzako Alcaraz anashinda US Open. Hilo la pili si mfano wa kubuni. Lilitokea Septemba 2022.

Lakini nimeruka. Mwaka wa pili Ben alikuwa ndiye mchezaji bora wa vyuo. Mei 2022, huko Champaign, Illinois, alicheza fainali ya mmoja mmoja na August Holmgren wa University of San Diego, akachukua seti ya kwanza kwa taibreki, ile gemu ya kuamua seti ikiwa 6-6, akawa mbele 4-2 ya pili, mwenzake akashindwa kuendelea. Ubingwa wa kumalizika hivyo una ladha ya chai isiyo na sukari, ila ni ubingwa. Florida wakawa wamelichukua taji hilo miaka miwili mfululizo, Riffice kisha Shelton.

Kiangazi kile akaanza kujaribu mashindano ya wakubwa, bado mwanafunzi. Fainali mbili za Challenger, ngazi iliyo chini ya ATP, moja mji wa Rome, ndiyo, kuna Rome ya Georgia, na nyingine Chicago. Zote alifungwa. Kisha Atlanta, mji aliozaliwa, akashinda mechi yake ya kwanza ya ATP na kutolewa na John Isner, ambaye mwenyewe alikaa miaka minne chuoni Georgia kabla ya kuanza kulipwa. Kisha Cincinnati, Agosti: akamfunga Lorenzo Sonego, na raundi iliyofuata akampiga Casper Ruud 6-3, 6-3. Ruud alikuwa ametoka kucheza fainali ya Roland Garros miezi miwili nyuma, na wiki chache baadaye angecheza fainali ya US Open. Mwanafunzi wa mwaka wa pili alimpiga kana kwamba anawahi kipindi.

Hapo ndipo alipotangaza kuwa mchezaji wa kulipwa, kabla ya US Open, huku akiendelea na masomo yake kwa mtandao. Na mechi yake ya kwanza ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa (Australia, Roland Garros, Wimbledon na US Open), akafungwa, seti tano, na Mreno Nuno Borges. Borges naye ni zao la vyuo, chuo cha Mississippi State. Kila ukigeuka katika hadithi hii unamkuta mtu wa chuo.

Kisha ikaja Novemba, na kwangu Novemba hiyo ni kubwa kuliko yote yaliyofuata, pamoja na Melbourne na New York. Wiki tatu, Challenger tatu, mataji matatu: Charlottesville, Virginia, Knoxville, Tennessee, Champaign, Illinois. Miji ya vyuo yote, viwanja vya ndani, watazamaji wachache, baridi nje. Charlottesville alimfunga Chris Eubanks fainali, kijana mwingine wa Georgia Tech ambaye mwaka uliofuata angefika robo fainali ya Wimbledon. Na Champaign ni palepale alipobeba ubingwa wa vyuo Mei. Mwanzoni mwa mwaka alikuwa nje ya 500 bora. Alipoondoka Champaign mara ya pili alikuwa ndani ya mia. Ukifika mia bora mambo ya maisha yako yanabadilika: unaingia Grand Slam moja kwa moja, na kufungwa raundi ya kwanza tu pale Australia mwaka ule kulikuwa na malipo ya zaidi ya dola 100,000 za huko.

Nilipoisoma habari hii Januari ile, usiku, niliisoma kama hukumu yangu. Niliona baba mvumilivu na baba mwenye pupa. Niliona pasipoti ya mwanangu kwenye kabati, imegongwa mihuri minne ya kwenda na kurudi, na nikaona aibu. Nikamwandikia kocha ujumbe mrefu, wenye jina la Shelton ndani yake mara sita, kwamba hatutatoka tena nje mpaka dogo awe bora Tanzania nzima. Hakujibu. Alifanya vizuri.

Maana ilinichukua muda kuona kilichokuwa wazi kabisa. Ramani. Chukua ramani ya Marekani uweke kidole Atlanta, halafu Cincinnati, Chicago, Charlottesville, Knoxville, Champaign. Zote ndani ya mpaka mmoja. Bryan Shelton aliposema watu wa kukufunga wapo hapahapa, alikuwa anasema kweli, kwa sababu hapahapa yake ilikuwa na Challenger tatu mfululizo kwa wiki tatu, ilikuwa na mamia ya timu za vyuo, ilikuwa na mashindano ya ATP kwenye mji aliozaliwa mtoto. Mtu anaweza kutoka kusikojulikana hadi mia bora ya dunia kwa gari. Ule haukuwa uvumilivu peke yake. Ulikuwa uvumilivu wenye barabara mbele yake. Mimi ningesema maneno yaleyale Arusha ningekuwa nasema kitu kingine kabisa. Dogo angemaliza watu wa kumfunga mkoani kwa msimu mmoja, halafu? Kwetu mtoto anaweza kukaa miezi mitatu bila mechi moja ya maana, si kwa kukosa bidii, kwa kukosa mtu wa upande wa pili wa wavu.

Ndiyo maana Angella Okutoyi wa Kenya hakuwa na anasa hiyo. Yeye, aliyelelewa na bibi yake Nairobi, ilimbidi apande ndege akiwa mtoto, na mwaka 2022, Julai, wakati Shelton anajaribu bahati kwenye Challenger za nyumbani kwao, Okutoyi alikuwa Wimbledon akibeba ubingwa wa wasichana wa wawili wawili na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, Mkenya wa kwanza kushinda taji la Grand Slam la vijana. Kwa umri wa miaka 18 pasipoti yake ilikuwa na safari ambazo Shelton hakuzijua. Na baada ya hapo akaenda wapi? Chuoni Marekani, Auburn, Alabama. Jimbo alikozaliwa Bryan Shelton, ligi ileile ya vyuo wanayocheza Florida. Mmoja kazaliwa kwenye barabara hiyo. Mwingine ilibidi avuke bahari aifikie.

Basi turudi Melbourne. Raundi ya kwanza alimfunga Zhang Zhizhen kwa seti tano na taibreki ya mwisho, halafu Nicolas Jarry, halafu Mwaustralia Alexei Popyrin mbele ya watu wa kwao, halafu J.J. Wolf, tena seti tano, na Wolf ni wa chuo cha Ohio State. Robo fainali akatolewa na Tommy Paul, Mmarekani ambaye hakupita chuoni. Dola 555,250 za Australia kwa mtu ambaye mwaka mmoja nyuma hakuruhusiwa kuweka zawadi mfukoni.

Baada ya hapo akaporomoka, na sehemu hii watu huiruka. Kuanzia Februari hadi Agosti 2023 hakushinda mechi mbili mfululizo kwenye mashindano ya ATP. Dunia ilikuwa inampiga kwa mara ya kwanza: udongo mwekundu wa Ulaya, nyasi, hoteli, lugha, usingizi wa kuruka saa. Yale ambayo Musetti na Rune waliyamaliza wakiwa na miaka 16, yeye alikuwa anayalipa sasa, mbele ya kamera, akiwa anajulikana. Mkopo wa baba ulikuwa na riba yake, na mimi mtu wa SACCOS nauelewa mkopo. Juni ile Bryan akaacha kazi ya Florida, baada ya miaka kumi na moja, akaenda kumfundisha mwanawe moja kwa moja, akichukua nafasi iliyokuwa ya Dean Goldfine, aliyewahi kumfundisha Andy Roddick, bingwa wa zamani wa US Open.

Kisha New York, kwenye US Open. Kwenye raundi ya nne alimfunga yuleyule Tommy Paul, na katika gemu moja alipiga sevu (mpira wa kuanzisha pointi) mbili za maili 149 kwa saa, karibu kilomita 240. Robo fainali na Frances Tiafoe, mtoto wa wahamiaji wa Sierra Leone ambaye baba yake alikuwa fundi wa matengenezo kwenye kituo cha tenisi Maryland. Huyo naye hakupita chuoni. Njia ziko nyingi.

Ilikuwa usiku wa kule na asubuhi ya kwetu. Taibreki ya seti ya tatu ilipofika, nje kumeshapambazuka, mwanangu amevaa sare ya shule, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi, amesimama mbele ya televisheni. Mama yake anaita kutoka jikoni. Shelton akaharibu sevu mara mbili mfululizo, pointi mbili za bure kabisa, na Tiafoe akawa na pointi ya seti. Mtu mwenye akili hapo anarudisha mpira taratibu, anaomba Mungu. Sevu ikaja, na Shelton akaipiga foarhendi kwa nguvu zake zote, mpira ukapita kabla Tiafoe hajanyanyuka. Dogo akarusha kiatu. Seti ikaisha 9-7, mechi ikaisha seti iliyofuata, gari la shule lilikuwa limeshaondoka, na mimi ndiye niliyepewa kesi na mama yake.

Kwenye nusu fainali Novak Djokovic alimmaliza kwa seti tatu, kisha akamwiga ishara yake ya kushangilia, ya kukata simu, ambayo Shelton alisema aliichukua kwa rafiki zake wa timu ya riadha ya Florida. Watu walibishana wiki nzima kama ni dharau. Mimi niliona ni ada ya shule.

Mengine nitayataja kwa kifupi kwa sababu yanajulikana: taji la kwanza la ATP Tokyo Oktoba 2023, Houston 2024, nusu fainali ya Australia 2025, na Toronto Agosti 2025, ambako alimfunga Karen Khachanov fainali na kuchukua Masters 1000 yake ya kwanza, ngazi inayofuata chini ya Grand Slam. Siku hizi hana mpaka asiouvuka.

Mwanangu sasa ana miaka 15. Kocha tumebadilisha, deni nimemaliza. Hatujarudi Nairobi bado, wala sijaapa tena kwamba hatutarudi. Tunachofanya ni kusafiri Arusha na Moshi, Jumamosi moja huku, moja kule, na wazazi wenzangu wa Moshi tumekubaliana kuiga utaratibu wa vyuo: timu kwa timu, wanne kila upande, kelele ruksa. Wanapangwa kwa namba. Jumamosi iliyopita yeye alipangwa namba nne, akanuna kuanzia Usa River.

Tulipopita Boma Ng'ombe akaniuliza, "Baba, hivi Shelton alikuwa namba ngapi chuoni?"

"Mwaka wa kwanza? Tano."

"Kati ya wangapi?"

"Sita."

Akafikiri kidogo. "Basi yeye angalau alikuwa na mmoja nyuma yake." Kisha akafungua begi, akaanza kuzungushia raketi gripu mpya.